Masikio ya Uongo

Wifi yangu hasamehi. Nalisema hili mapema ili mtu asije akasoma akitegemea kwamba mwishoni atamkumbatia mbaya wake na wote wawili walie. Fundi seremala aliyemtengenezea kitanda kinacholia kila akijigeuza hajasalimiwa mpaka leo, na milango yao inatazamana. Kaka yake, yaani mume wangu, aliwahi kusahau kwenda kumpokea siku ya mvua, na hadi leo mawingu yakitanda anakumbushwa. Niliolewa nikamkuta hivyo, na sikuona haja ya kumtengeneza upya.

Anauza utumbo sokoni. Meza yake ni ya vigae vyeupe, juu kuna mzani wa kuning'iniza, chini kuna bomba la maji ambalo limekuwa likivuja tangu uongozi wa soko ulipoahidi kulitengeneza. Huvaa aproni ya plastiki inayomfika miguuni na hunoa kisu kwenye ukingo wa sakafu. Mimi nauza vitunguu meza inayopakana na yake, kwa hiyo ninayoyasimulia sikuyasikia kwa watu. Nilikuwa pale, machozi yakinitoka kwa vitunguu vyangu na si kwa huruma.

Sasa, utumbo una harufu. Wifi huoga jioni kwa sabuni, halafu kwa limau, halafu kwa sabuni tena, na harufu ipo palepale. Watu wazima humzoea. Paka na mbwa hawakuhitaji kumzoea, wao walimpenda tangu siku ya kwanza. Asubuhi akitokea na ndoo zake, walimfuata kwa msururu kama wana wa shule wanaomfuata mwalimu. Aliyependwa kuliko wote alikuwa mbwa mmoja wa rangi ya vumbi ambaye alikuwa anakaa wima chini ya mzani siku nzima, akimtazama kila mteja usoni. Tulimwita Karani.

Karani alikufa kwa sumu. Uongozi wa soko ulichoshwa na wanyama kuzaana kila kona, wateja wakalalamika, basi wakachanganya sumu na mabaki ya nyama wakayamwaga nyuma ya vibanda. Tulipofika asubuhi tulikuta miili. Karani alikuwa amejikokota mpaka chini ya meza yake akalala hapo. Wifi alimwosha kwa maji ya lile bomba, akaomba gunia langu la vitunguu, akambeba begani hadi nyumbani akamzika uani. Hakulia. Aliniuliza tu ni nani aliyechanganya, na nilipomwambia, akaitikia kwa kichwa. Yule bwana aliacha kupata utumbo kwa wifi tangu siku hiyo, hata alipotuma mkewe, hata alipotuma mama mkwe.

Lakini hasira ya wifi ina sifa moja: haikai bure. Alikwenda kwa daktari wa wanyama, mwanamume mpole mwenye kliniki ndogo karibu na kituo cha mafuta, akamuuliza ni nini kinaweza kuzuia uongozi usimwage sumu tena. Daktari akamjibu kwamba ni kuwafunga uzazi. Jike anapasuliwa kidogo na kushonwa, dume anahasiwa, na kabla hawajaamka wanakatwa ncha ya sikio la kushoto. Halafu wanarudishwa walipotoka. Hiyo ncha ya sikio ndiyo roho ya kazi yote, alisema daktari. Paka wa sokoni hana jina wala mwenyewe; ukimwona kwa mbali sikio lake limekatwa, unajua huyu ameshapasuliwa, unamwacha aende zake. Usipokuwa na alama utamlaza mezani mnyama yuleyule mara mbili, umfungue tumbo bure.

Wifi akaanza kutega. Alijisukia mtego wa waya wenye mlango unaoanguka ukivuta kamba, akaweka bandama ndani, kwa sababu paka anayekataa bandama bado hajazaliwa. Alikuwa anaweza kukaa na ile kamba mkononi bila kukohoa mpaka miguu ife ganzi. Daktari alitoza gharama ya dawa tu, na dawa zilitoka mfukoni mwa wifi.

Mtu wa pili katika kazi ile alikuwa rafiki yake. Tulimwita Msemaji, na jina lilimfaa. Walikuwa marafiki tangu wakiwa wasichana, wa kula sahani moja na kuazimana viatu. Wifi ndiye aliyemshika mkono siku anajifungua mtoto wake wa kwanza. Msemaji alikuwa amewahi kufanya kazi ya mapokezi ofisini, alijua kuvaa na alijua kuongea. Ndiye aliyekwenda kwa uongozi wa soko akawalainisha mpaka wakaahidi kwamba hawatamwaga sumu tena, ila kwa sharti moja: watoto wa paka na mbwa wasionekane wakizagaa. Wakionekana, sumu inarudi. Basi mmoja akawa anatega, mwingine anaongea, na mambo yakaenda.

Yaliharibika ilipokuja ruzuku. Msemaji alikuwa amesikia kuna mfuko unaotoa fedha kwa vikundi vya mitaani vinavyofunga uzazi wa paka na mbwa. Akaandika andiko la mradi. Jioni nyingi alikaa kwenye kigoda mbele ya meza ya vigae, wifi anakata utumbo na kumweleza kila kitu, wapi wanajificha, majira gani wanazaa, mtego unategwaje, na Msemaji anaandika akitia chumvi kidogo hapa na pale. Fedha zikatoka. Ikapatikana ofisi yenye feni, bango kubwa, na vizibao vya kijani vyenye picha ya paka mgongoni.

Siku ya kuzindua, mpiga picha alikuja. Wifi alikuwa ameoga kama kawaida yake, sabuni, limau, sabuni, akavaa gauni lake la kitenge la kutokea, akasimama katikati kwa sababu hakuona ni wapi pengine angesimama. Msemaji akamsogelea akitabasamu kwa wageni, akasema kwa sauti ambayo sote tuliisikia, "Mwenzangu, sogea pembeni kidogo. Harufu hiyo."

Baadhi ya wageni walicheka. Wifi akasogea pembeni. Akasogea tena. Mpiga picha akapiga, na ile picha ikatundikwa ofisini bila hata kiwiko cha wifi kuonekana. Wiki iliyofuata Msemaji alimwambia kwamba sasa kazi imekuwa ya kitaalamu, wameajiri watu wa kutega wenye vizibao, yeye apumzike. Kizibao chenyewe hakupewa.

Neno lile lilimkata maini. Jioni tukiwa tunafunga meza nilimwambia nipo tayari kwenda kumpa Msemaji vidonge vyake mbele ya wafanyakazi wake, maana mimi sina subira na mdomo wangu ukifunguka haufungiki. Wifi alikuwa anasugua vigae.

"Usimguse," akaniambia. "Huyo ni wangu."

Tukaendelea kuuza. Watu wa vizibao walikuja sokoni wakategatega, wakaondoka na paka, wakawarudisha masikio yamekatwa. Walimchukua hata Mjane, paka mweusi aliyekuwa analala kwenye kikapu changu kitupu. Wifi aliwatazama wakimtia kwenye tundu, akaendelea kunoa kisu. Mjane akarudi na sikio fupi. Uongozi ukafurahi, Msemaji akawa anahojiwa redioni, na sisi tulizima redio.

Kisha Mjane akaanza kunenepa. Mimi nilimtania kwamba mjane wetu ameonja mapochopocho. Wifi hakucheka. Alimpakata, akampapasa tumbo taratibu kama mtu anayetafuta sarafu kwenye mfuko wa koti, akamweka chini, akanawa mikono. Siku si nyingi Mjane alizaa ndani ya kikapu changu, watoto weusi wanne kama makaa. Wifi akachuchumaa. Akalitazama lile sikio lililokatwa, akawatazama watoto, akalitazama tena sikio. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu siku ya picha, nikaona meno yake.

Alimwita daktari. Daktari alimgeuza Mjane, akatafuta kovu kwenye ngozi ya tumbo, hakuliona. "Huyu hajawahi kulala mezani kwangu," akasema. Akakaa kwenye kigoda kilekile alichokuwa akikalia Msemaji na kutueleza. Kumbe Msemaji aliwaahidi wafadhili kwamba kabla hawajaja kukagua, wanyama wote wa soko watakuwa wamekwisha kufungwa uzazi. Daktari alimwambia meza ni moja na mikono yake ni miwili, haiwezekani. Msemaji akamjibu amwachie yeye. Sasa ilikuwa wazi alichofanya: waliozidi uwezo wa meza walichomwa dawa ya usingizi kwenye stoo ya ofisi, wakakatwa sikio, wakarudishwa na vizazi vyao. Daktari alipolielewa hilo uso ulimwiva. Wizi aliuona mdogo. Kilichomuumiza ni lile sikio, kwa sababu tangu siku hiyo sikio lilikuwa halisemi tena chochote. Soko lilikuwa limejaa wanyama wenye alama, na hakuna mtu aliyejua yupi amepasuliwa na yupi amekatwa tu.

Wafadhili walikuwa wanakuja mwisho wa mwezi. Wakiridhika, Msemaji angepewa ruzuku kubwa zaidi na miji mingine aisimamie. Daktari akatoa ushauri wake, na nauandika hapa kwa haki kwa sababu ulikuwa ushauri mzuri. Alitaka wifi awapigie simu wale watu wa mfuko kimyakimya. Wangemwondoa Msemaji, fedha zingehamia kwenye mikono mingine, na kazi ingeendelea bila kukatika. Lakini wakiaibishwa hadharani, wangefunga mkoba wao na kuondoka, na uongozi wa soko ungebaki na watoto wa paka kila kona na sumu yake stoo.

"Nimekusikia, daktari," wifi alijibu, akifuta kisu chake kwa kitambaa.

Anayemjua wifi anajua hiyo ni hapana. Daktari hakumjua kiasi hicho, akaondoka ametulia. Mimi nilikuwa upande wa wifi moja kwa moja. Simu ya kimyakimya ingempa Msemaji nafasi ya kusema amejiuzulu kwa sababu za kifamilia, na mimi nilitaka nimwone akikosa la kusema. Hata leo mtu akiniuliza, nitajibu hivyohivyo.

Jana yake ya siku ya wageni, wifi hakuwalisha. Mabaki yote aliyaweka ndooni, akafunika, akayapeleka nyumbani. Usiku kucha, mlinzi alituambia, soko zima lilikuwa linalia kama wodi ya wazazi.

Asubuhi uwanja wa nyuma wa soko ulikuwa na turubai, viti vya plastiki vyenye vitambaa na lile bango. Viongozi wa soko walikuwa wamenyoosha mashati. Kutoka kwenye ule mfuko wa fedha alikuja mama mmoja mzee mwenye miwani ya kamba, pamoja na mpiga picha yuleyule wa siku ile. Msemaji alikuwa amependeza, siwezi kusema uongo, gauni la rangi ya maziwa na manukato yaliyofika mpaka nilikokaa. Akashika kipaza sauti. Akaeleza walivyokuwa na walivyo sasa, akakohoa kidogo, akatamka neno ambalo nadhani alikuwa amelifanyia mazoezi mbele ya kioo.

"Katika soko hili," akasema, "hakuna tena paka anayezaa."

Wifi alikuwa amefika bila mtu kumtilia maanani, na aproni yake na ndoo yake. Hakuingia chini ya turubai. Alisimama kando, penye upepo unaoelekea kwenye viti, akafunua ndoo, akaigonga ukingoni kwa upawa kama anavyoigonga siku zote.

Walitokea chini ya vibanda, nyuma ya magunia, juu ya mabati. Walipita katikati ya miguu ya wageni, wengine walikatiza juu ya mapaja ya viongozi na mashati yao ya kupigwa pasi. Masikio yalikuwa yamekatwa, matumbo yamejaa. Mjane alikuja na watoto wake wote wanne nyuma, mikia juu. Jike mmoja wa mbwa, sikio lenye pengo la alama, chuchu zikiburuzika, alisimama mbele ya bango kabisa na watoto wake wakaanza kunyonya hapohapo. Watu wa soko waliangua kicheko, na kicheko cha watu wa soko hakina staha.

Yule mama mzee aliinama, akamwokota paka mmoja aliyekuwa anapita mguuni kwake. Akampapasa tumbo, akamshika sikio.

"Huyu si ana alama?" akauliza.

Msemaji akajibu kwamba huenda huyo aling'atwa sikio na mwenzake. Mama mzee akamweka chini, akamwokota wa pili. Akamwokota wa tatu, ambaye tumbo lake lilikuwa linacheza. Akavua miwani.

"Na hawa nao wameng'atwa palepale?"

Nimesubiri maneno mengi maishani mwangu, lakini sijawahi kufurahia kimya kama kile. Msemaji alifungua mdomo, akaufunga. Uso ukamsawijika juu ya lile gauni la maziwa. Macho yake yalizunguka mpaka yakampata wifi, ambaye alikuwa ameinama anagawa bandama kwa haki, kila mmoja chake, wala hakunyanyua kichwa. Mama mzee naye akamwona, akamuuliza yeye ni nani. Wifi akamjibu kwamba yeye ni muuza utumbo.

Jioni ile nilinunua soda mbili na tukazinywa tukiwa tumekaa juu ya magunia. Kuna watu wanaopenda kusema kwamba kisasi hakina ladha. Sijui wao walilipiza kwa nani. Soda ilikuwa tamu, na roho yangu ilisuuzika, na wifi alinisimulia upya ile sehemu ya kufungua mdomo na kuufunga mpaka tukashika mbavu.

Halafu yakatokea yaleyale aliyoyasema daktari. Mfuko ulizuia fedha zote. Ofisi ikafungwa, vizibao vikarudishwa, na kliniki ikakosa dawa ya usingizi. Wale majike wote tuliowaona uwanjani wakazaa, na waliokwisha kuzaa wakaanza kupandwa tena. Watoto wa paka walikuwa kwenye mizani, kwenye magunia, ndani ya viatu vya mitumba. Wengine walikanyagwa. Uongozi wa soko, ambao nao ulikuwa umeaibika, ulitangaza kwamba mwezi ukiisha wanasafisha. Yule bwana wa kuchanganya alipita mbele ya meza ya wifi akipiga mluzi.

Daktari alikuja siku ya pili yake. Alikuwa mpole kama kawaida, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akamwonyesha wifi kikapu changu.

"Umempata uliyemtaka," akasema. "Hawa je?"

 Mchana kutwa wifi alikata utumbo vibaya, vipande vikubwa na vidogo, wateja wakanung'unika. Alikwenda nyuma ya vibanda akarudi na mtoto wa paka aliyekanyagwa, akamzungushia karatasi. Nikadhani sasa ndio atasema amekosea. Nilikuwa hata nimeandaa maneno ya kumfariji.

"Sijutii," akaniambia akinawa. "Ila nimemaliza nusu tu."

Alichukua namba ya yule mama mzee kwa daktari, akapiga simu tukiwa tumekaa uani kwake, karibu na pale alipozikwa Karani. Alizungumza polepole bila mapambo. Alisema zile fedha walizozuia bado zipo, meza ya daktari ipo, na yeye kutega anajua. Kila mwenye sikio la kushoto lililokatwa lazima akamatwe upya akaguliwe, na atakayepita kweli mezani atakatwa la kulia. Lakini alihitaji mikono, kwa sababu paka aliyewahi kunaswa huuogopa mtego, na kumnasa tena ni kazi ya kukesha nayo. Mama mzee akamwambia kwamba wao walikuwa wanajiandaa kumpeleka Msemaji polisi.

"Msimpeleke," wifi akasema. "Nipeni mimi."

 Mama mzee akasema kwamba hajapata kuzungumza na mtu mwenye moyo mkubwa kiasi kile. Mimi niliuma ncha ya mtandio wangu nisije nikacheka simuni. Na habari zikaenea hivyo mtaani: amemsamehe, amemwombea, urafiki wa kweli haufi. Watu walipita kumpongeza. Wifi aliwapokea pongezi zao akawapimia utumbo.

Msemaji alipewa kuchagua polisi au ndoo. Akaja asubuhi na viatu vya kufunika, kilemba safi na manukato. Wifi alimkaribisha kwa upole, akamvisha aproni, akamfunga kamba zake nyuma kwa mkono wake mwenyewe, akamwekea bonge la bandama mbele. Mpaka mchana manukato yalikuwa yamekufa. Nzi wakamzoea. Waliokuwa wakimjua kwa cheo chake cha ofisini walisimama wakamsalimia, "Habari za kazi, Mratibu," na yeye akaitikia huku mikono imezama hadi kwenye viwiko.

Kisha akakaa na kamba. Paka walimkumbuka, au waliikumbuka sauti yake; walikuwa wanakuja mpaka mlangoni mwa mtego, wanamtazama, wanaondoka. Alikaa mpaka akashindwa kusimama. Wifi hakumkaripia hata siku moja. Alimfundisha kwa sauti laini ya kumfundishia mgeni: mwenzangu, usivute mapema, mwenzangu, mgeuze mtego upepo uingie, mwenzangu, meza mate taratibu, wanasikia. Hilo "mwenzangu" lilikuwa linamshuka Msemaji kama mwiba wa samaki kooni, niliona.

Lakini yapo niliyoyaona na sikuyapenda. Siku moja dume mmoja mkubwa alinaswa, akajigeuza ndani ya tundu, akawakojolea wote wawili kwa mpigo mmoja, nao wakatazamana wakacheka. Walicheka mpaka wakaegemeana, kama wasichana. Nikagonga mzani wangu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Wifi akajifuta uso, akarudi kwenye kamba yake, na kicheko kikaishia hapo.

Mmoja baada ya mwingine walipita mezani. Daktari alikuta wengi zaidi ya tulivyodhani hawakuwa wameguswa. Soko likajaa paka wenye masikio mawili mafupi, wazuri kama popo. Mjane alikuwa wa kwanza. Yule mbwa jike wa mbele ya bango alipata pengo la pili. Wazazi waliisha, watoto wakagawiwa kwa wenye maghala ya nafaka, na mwezi ulipoisha uongozi haukuwa na la kusafisha. Wifi hakuridhika na hilo. Aliwataka watoe lile gunia la sumu stoo, na yule bwana wa kuchanganya ndiye aliyelichimbia shimo, akitoka jasho, wifi amesimama juu yake na mikono kiunoni.

Mama mzee alirudi na mpiga picha. Mfuko ulikuwa umeamua kuipa kazi ile fedha upya, na jina lililoandikwa mbele lilikuwa la wifi. Walitaka picha hapohapo kwenye meza ya vigae. Wifi alisimama katikati na aproni yake, hakuoga kwa limau wala kwa chochote, amempakata Mjane. Daktari akasimama kulia. Mimi nikajipenyeza na kitunguu mkononi. Msemaji alikuwa anakata bandama nyuma. Akaweka kisu, akajifuta mikono, akarekebisha kilemba, akaja akasimama ubavuni kwa wifi. Alisimama kama mtu anayeamini kwamba ameshalipa.

Mpiga picha akanyanyua kamera. Wifi hakugeuza kichwa.

"Mwenzangu," akasema, "sogea pembeni kidogo. Harufu hiyo."

Hakuna aliyecheka safari hii. Msemaji aliitazama mikono yake. Nilidhani atajibu, yeye ambaye hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe, lakini alisogea hatua moja, akaangalia kamera ilipo, akasogea na nyingine.

Adhabu yake iliisha zamani. Hakuna aliyemwambia kwamba imeisha, na yeye hajauliza. Kila siku ya upasuaji anakuja, anavaa aproni, anakaa na kamba. Picha imetundikwa juu ya mzani. Kila mtu ndani yake anatazama mbele, hata Mjane, isipokuwa wifi, ambaye yuko katikati kama alivyostahili tangu mwanzo, na macho yake yameelekea pembeni, nje ya picha. Nilikaa na hilo kwa muda mrefu kabla sijamuuliza alikuwa anatazama nini.

"Nilikuwa nahakikisha amesogea vya kutosha," akanijibu, akaendelea kukata.